Kuwinda Nyanda za Juu: kanga si kazi, kazi kulala!

Wiki hii naomba uache kwanza habari za disko na ufukweni, uvae sweta mbili, twende zetu Nyanda za Juu Kusini kuwinda. Ndiyo, kuwinda. Na siyo kuwinda kwa mdomo kama wafanyavyo washikaji wa kijiweni kwetu. Nazungumzia kuwinda kwa kibali, kwa bunduki yenye leseni, na familia nzima ikiwa nyuma ya pikapu: baba, mama, watoto wawili, sufuria, mablanketi, na mimi mwandishi wako nimebanwa katikati ya magunia kama kiazi.

Kwanza cheki kichekesho hiki. Msimu wa uwindaji hapa nchini hufunguliwa mwezi Julai. Mwezi huohuo ndio baridi ya Iringa na Mbeya inapokuwa imepania kuua mtu. Aliyepanga kalenda hiyo aliangalia wanyama: nyasi zimekauka, unaona mbali, barabara za porini zinapitika. Hakumwangalia mtoto wa miaka minne atalala wapi.

Watu wa Dar huwa mnabisha hapa. Mnafika Iringa saa saba mchana, jua kali, mnavua koti na kusema baridi gani hiyo. Subirini magharibi! Iringa mjini ni kama meta 1,600 kutoka usawa wa bahari, Mbeya mjini kama 1,700, Mafinga karibu 1,900. Jua likizama joto linaondoka nalo, wala halikuagi. Alfajiri unakuta sakitu juu ya majani, ile barafu nyembamba nyeupe inayolia chini ya kiatu kama biskuti. Mkwawa aliishi porini kwenye nchi hii tangu Wajerumani walipoibomoa ngome yake ya Kalenga Oktoba 1894 mpaka alipojipiga risasi Julai 1898. Hesabu mwenyewe ni Julai ngapi hizo, tena mtu anayesakwa hawashi moto usiku ovyo. Hapo ndipo heshima yangu kwa mzee yule iliongezeka maradufu.

Sasa twende kwa baba mdogo wangu. Anaishi Mafinga, ana shotigani yake ya halali, na kila mwaka anakwenda kwa afisa wanyamapori kuomba kibali cha ndege. Hili nalisema wazi maana najua wapo watakaomaliza kusoma wakaanza kutafuta gobore la babu: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 haina utani. Kibali kinataja aina ya mnyama na idadi yake. Bila kibali wewe siyo mwindaji, wewe ni jangili, na TAWA wakikudaka utawinda mbu mahabusu. Kama shida yako ni kitoweo tu, mabucha ya nyamapori yaliruhusiwa kwa kanuni za mwaka 2020, kanunue ukale kwa amani.

Mahali penyewe tulipokwenda sipataji. Nikipataja baba mdogo hatanialika tena. Itoshe kusema ni mwendo wa saa mbili na nusu kutoka Mafinga, mashamba yanaisha, miti inapungua, halafu ni majani ya rangi ya simba na mabonde. Kijijini tulisalimia "Kamwene", tukaitikiwa "Kamwene", tukamwona mwenyekiti, tukaonyesha karatasi zetu. Saa kumi na moja jioni tukashusha mizigo.

Miaka yote ile familia ilikuwa inalala kwenye turubai. Turubai hasa, lile la kufunikia mizigo ya lori, zito mpaka mlibebe watu wawili, na likilowa umande mnakuwa watatu. Julai iliyopita mambo yalikuwa tofauti, ila kabla sijafika huko nikusimulie ugomvi wa mwaka uliotangulia. Nilikuwepo, na ndio uliozaa habari hii yote.

Ilikuwa kama saa tatu usiku. Upepo unapita chini ya turubai kama mwizi. Kitindamimba anatetemeka, midomo imekuwa kama ya mtu aliyekula zambarau. Nje kuna jiko la mkaa lililotumika kupikia ugali, makaa yamekolea vizuri, mekundu, hayana moshi hata chembe.

"Mtoto ataganda huyu," mama mdogo akasema. "Lete hilo jiko humu ndani."

"Jiko haliingii," baba mdogo akajibu.

"Mkaa umeshakolea, hauna moshi wowote!"

"Ndiyo maana haliingii."

Wee! Mama mdogo alikuja juu. Kwao Njombe, alisema, wamekua na moto katikati ya nyumba, bibi yake amelala kando ya mafiga miaka themanini, na hakuna aliyekufa. Baba mdogo ni mpole, lakini usiku ule alisimama mlangoni mwa turubai kama askari wa benki. Mtoto akaingizwa kwenye koti la baba yake, kifua kwa kifua, na mzee wa watu akakesha amekaa hivyo mpaka kulipokucha. Hakuna aliyewinda asubuhi ile. Tulirudi Mafinga kimyakimya, gari zima limenuna.

Msomaji, mimi nilimaliza kidato cha nne na kemia haikuwa rafiki yangu, lakini hii nimeifuatilia mpaka imeingia kichwani. Mkaa unapoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikukohozi. Moshi wa kuni angalau unakuwasha macho ukatoka nje kwa matusi. Hii haikuambii kitu. Inaingia kwenye damu na kung'ang'ania ile sehemu inayobeba oksijeni, na ng'ang'ania yake ina nguvu zaidi ya mara 200 kuliko ya oksijeni yenyewe. Kichwa kinauma kidogo, unasikia kizunguzungu, kichefuchefu, halafu usingizi mtamu. Mtu aliyechoka kwa safari, tena baridi imempiga, anadhani ni usingizi wa kawaida. Haamki.

Kila msimu wa baridi tunasoma habari hizo magazetini: familia imeingiza jiko chumbani, imefunga madirisha, asubuhi majirani wanavunja mlango. Tunasema "maskini", tunafunua ukurasa wa michezo.

Na bibi yake mama mdogo je? Mbona hakufa? Sababu ilikuwa juu ya kichwa chake. Nyumba ile ilikuwa ya nyasi, na paa la nyasi linapumua. Moshi na sumu vilipenya taratibu, usiku kucha, kuta nazo zina nyufa. Macho ya bibi yaliharibika kwa moshi, kifua kilikuwa kinamsumbua, lakini hewa ilikuwa inazunguka. Chukua moto uleule uuweke ndani ya chumba cha bati chenye dari na vioo, au ndani ya turubai lisilopitisha upepo, hapo umejijengea kaburi. Na yale mambo ya kumnywesha mtu maziwa, sahau: sumu hii haiko tumboni, iko kwenye damu. Mtoe nje kwenye hewa safi, mkimbize hospitali akapewe oksijeni.

Basi, Julai iliyopita akatua kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, anayeishi Marekani. Alikuja na begi ambalo sote tulidhani lina viatu vyetu. Kumbe ni hema! Tukacheka. Hema gani la watu sita linaingia kwenye begi la kwendea shule? Akalimwaga chini. Kitambaa chembamba cha nailoni kilichopakwa silikoni, unaweza kudhani ni mwavuli. Nguzo moja tu katikati, vigingi pembeni, likasimama pembe kama kofia ya pia. Halafu akatoa kitu bapa kama daftari la mahudhurio, akakikunjua kikawa jiko la kuni la titani, kisha akakunjua bomba la moshi lililokuwa limeviringishwa kama mkeka. Kwenye hema kuna tundu lenye pete ya kitambaa kisichoshika moto, na bomba linapita hapo kwenda nje. Hema na jiko na bomba lake, vyote pamoja kama kilo nne. Kuku wawili wakubwa, basi!

Wazo lenyewe ni la kale. Wenyeji wa asili wa Marekani waliokuwa wanafuata nyati walilala kwenye mahema ya ngozi yenye tundu la moshi kileleni, na Wasami wa kaskazini ya Ulaya, wafugaji wa kulungu wa barafuni, wanayo ya kwao. Wawindaji wa siku hizi wamebadilisha ngozi kwa nailoni, na badala ya tundu wakaweka bomba. Na hapa naomba ushike kiti: huko Marekani kuna kampuni inayotengeneza mahema ya aina hii na majiko yake, jina lake Kifaru. Kifaru hiki hiki cha kwetu! Wenzetu wamechukua neno, sisi tumebaki na turubai la lori.

Nirudi porini. Baba mdogo alilizunguka lile hema mara tatu bila kusema kitu. Alikagua bomba lilipotokea, akaingiza mkono kwenye matundu ya hewa ya chini na ya juu, akauliza yakifungwa inakuwaje. Kaka akamwambia hayafungwi, hata baridi ipige vipi. Halafu akamwonyesha kidude kidogo cha betri kinachoning'inizwa nguzoni, kikinusa ile hewa ya sumu kinapiga kelele. Hapo mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Sawa," akasema, "lakini mkaa bado hauingii." Kaka akasema hata jiko lenyewe linataka kuni, mkaa si wake.

Kuni tulibeba za muwati kutoka Mafinga, zilizokauka, zimekatwa urefu wa kiganja na nusu maana tumbo la jiko lenyewe dogo. Usichukue za paini ingawa huko Mufindi paini ni nyingi kama mchanga, shamba la Sao Hill lipo pale, ni kubwa kuliko yote ya miti ya kupandwa nchini. Paini inarusha cheche, na kitambaa hiki kikiguswa na cheche kinatoboka tundu saizi ya punje ya mtama. Tulifyeka majani kuzunguka hema hatua nne kila upande, ndoo ya maji mlangoni. Julai majani ni petroli, na atakayechoma pori la watu kwa sababu ya kutafuta joto simtetei.

Kiberiti kimoja tu. Robo saa baadaye jiko limeiva jekundu ubavuni, watoto wamevua masweta, kitindamimba anataka kucheza. Soksi zilizolowa zinaning'inia kwenye kamba na kutoa mvuke. Mama mdogo alikaa karibu na jiko amekunja mikono, haongei. Baadaye kabisa akamwambia mumewe, bila kumtazama, "Kumbe ulikuwa unataka bomba." Baba mdogo akaitikia "Eeh." Ugomvi wa mwaka mzima ukaishia hapo, na chai ikamiminwa.

Lakini nisikuuzie mbuzi kwenye gunia. Jiko la namna hii ni jembamba, halitunzi joto. Kuni zikiisha, baada ya muda mfupi tu hema linapoa kana kwamba hapakuwa na moto. Tulipanga zamu za kuchochea. Zamu ya saa nane usiku ilikuwa ya mtu ambaye simtaji, akapitiwa na usingizi, na sote tukaamka tunagongana meno. Wanaokwambia unalala na joto mpaka asubuhi wanakudanganya. Moto huu unafaa wakati wa kuingia kulala, na alfajiri wakati wa kuamka, na kukausha nguo. Katikati hapo kinachokuokoa ni ulivyotandika. Baba mdogo alituamuru tukate majani makavu, tutandaze kimo cha kiganja, juu yake mkeka, kisha blanketi la chini ndipo la kujifunika. Ardhi inanyonya joto la mwili kuliko upepo. Blanketi moja chini, anasema, linashinda mawili juu, na mimi nimethibitisha kwa mbavu zangu.

Jambo lingine, komoni. Vijana wa kule watakwambia vikombe viwili vya komoni ndiyo hita. Pombe inapeleka damu kwenye ngozi, unasikia joto usoni, huku joto la ndani linakimbia. Ukitaka kulewa, lewa, lakini usiseme unaota moto.

Kuwinda kwenyewe? Ah, kulikuwa kufupi. Saa kumi na moja na nusu alfajiri baba mdogo na kaka wakatoka, mimi nikawafuata kubeba. Watoto na mama yao wakabaki hemani, moto umewashwa upya, na hilo peke yake lilibadilisha kila kitu: mtu aliyeacha familia mahali pa joto anatembea taratibu, hana papara ya kurudi. Jua lilipoanza kugusa majani, kanga wakashuka kutoka kwenye miti waliyolala, wanapiga kelele kama kina mama wa sokoni. Milio minne. Kanga watatu na kwale wawili, chini ya idadi iliyoandikwa kwenye kibali, baba mdogo akaweka bunduki kwenye mfuko wake na kusema inatosha. Kanga wa porini ni mgumu jamani! Lile jiko la titani lilijaribu kumchemsha likasalimu amri, tukamhamishia nje kwenye mafiga matatu, kuanzia saa nne mpaka saa tisa. Supu yake sitaisahau.

Wiki iliyofuata bunduki ikabaki imefungiwa kabatini Mafinga, mimi na kaka tukachukua hema tukaelekea upande wa Mbeya, tujue baridi ya kweli ikoje. Makambako, Igawa, mpaka Chimala. Pale unaacha barabara kuu na kupanda mlima kwenda Matamba kwa ile njia waiitayo Hamsini na Saba, yaani kona hamsini na saba. Nilianza kuzihesabu, nikaishia ya ishirini, nikafumba macho. Juu kabisa ndiko kuna Kitulo, kama meta 2,600, Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2005, Bustani ya Mungu. Ila bustani yenyewe huchanua kati ya Novemba na Aprili. Julai imelala, ni majani ya kahawia na upepo usio na adabu. Hifadhini hakuna kuwinda wala kuokota kuni, hiyo ieleweke. Na ukitazama ngambo ya milima kuelekea Rungwe, ujue misitu ile ndiyo ya kipunji, nyani mpya kabisa kwa wataalamu, waliyemkuta mwaka 2003 na kumtangaza 2005. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wanamsimulia siku zote. Waliposikilizwa, ndipo wataalamu wakaenda kumtafuta.

Tulipiga hema Matamba, uani kwa bibi mmoja aliyetuonea huruma. Alikishika kile kitambaa, akauliza kama mwavuli huu ndio tunaolalia. Akatusihi tulale jikoni kwake. Jikoni kwenyewe niliingia nikatoka mbio, machozi yananitiririka. Paa lilikuwa la nyasi, akasema, wanawe wakamwezekea bati kama zawadi, na tangu hapo moshi hautoki. Macho yake yalikuwa mekundu. Anakohoa.

Usiku alikuja hemani kutuamkia, tukamkaribisha akae. Alinyoosha mikono kwenye jiko, akavuta hewa puani, akavuta tena. "Moshi wake mmeupeleka wapi?" Kaka akamwonyesha bomba. Akalifuata kwa macho mpaka lilipotokea juu, akatoka nje na tochi kuhakikisha, akarudi. Hema hakulitazama tena. Aliuliza bomba tu: ni bati gani, linaunganishwaje, linapitaje kwenye paa bila kuvuja mvua.

Bei ya lile jiko la titani ukiambiwa utatafuta pa kukaa, kwa hiyo tulipofika Mbeya mjini tulikwenda kwa mafundi wa bati Mwanjelwa. Fundi aliangalia picha kwenye simu, akacheka, akasema hiki ni kibuyu cha watoto. Akapima, akachora chini kwa chaki. La kwake ni la bati nene, zito kama kilo sita, kwa hiyo kulibeba begani mlimani sahau, lakini kwenye pikapu halina shida, na joto linatunza kuliko la Mzungu. Kwa ajili ya turubai alitengeneza pete ya bati mbili zinazobana kitambaa, zenye nafasi katikati ili bomba lisiguse. Turubai la baba mdogo limeshatobolewa tundu.

Fundi alitengeneza majiko mawili. La kwanza lipo Mafinga, mama mdogo amelichukua hata kabla ya msimu na anachemshia maji. La pili lilipanda Hamsini na Saba juu ya lori la viazi, pamoja na mabomba matatu, na fundi paa wa Matamba ameahidi kulifunga Jumamosi.